Rudolf Virchow: Barobaro wa mochari aliyefumbua siri ya damu kuganda

Hebu fikiria una umri wa miaka 23. Umehitimu juzi tu, mshahara ni kiduchu, na kazi uliyopewa ni kupasua maiti katika mochari ya hospitali kubwa jijini. Halafu bosi wako anakukabidhi swali ambalo mabingwa wa Ulaya nzima wanaamini walilijibu kitambo. Wengi wetu tungerudia tu majibu ya wakubwa kisha tukangoja mwisho wa mwezi.

Rudolf Virchow hakuwa mtu wa aina hiyo. Alichukua kisu na hadubini, akaanza kutafuta jibu lake mwenyewe. Alichokipata ndicho kinachowaongoza madaktari hadi leo wanapomtazama mgonjwa aliye mahututi kwa maambukizi na kujiuliza iwapo damu yake imeanza kuganda mahali isipofaa.

Huyu ndiye jamaa tunayemzungumzia leo. Alikuwa daktari, mwanasiasa, mwanaharakati wa mitaani na mkaidi wa kupigiwa mfano. Alifaulu pakubwa, na pia alikosea pakubwa. Yote mawili yana funzo.

Mtoto wa mji mdogo

Virchow alizaliwa Oktoba 13, 1821, katika mji mdogo wa Schivelbein, eneo la Pomerania lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Siku hizi mji huo uko Poland na unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto wa pekee. Babake alikuwa mkulima na pia mtunza hazina wa mji, lakini usidhani nyumba ilijaa pesa. Karo ya chuo kikuu haingetoka kwenye mfuko wa mzee.

Kijana alikuwa na kichwa chepesi, hasa katika lugha. Kuna wakati aliwazia kuwa mhubiri, ila aliona sauti yake ni dhaifu mno kwa mimbari. Mwaka wa 1839 akapata ufadhili wa kusomea udaktari katika taasisi ya kijeshi jijini Berlin, iliyowapa masomo vijana werevu wasio na uwezo ili baadaye walitumikie jeshi. Kwa lugha ya leo, alisoma kwa basari.

Jijini Berlin alifundishwa na Johannes Müller, mmoja wa wanasayansi waliotajika zaidi wakati huo. Müller aliwazoesha wanafunzi wake jambo moja: usiamini kitu kwa sababu tu kimeandikwa na mkubwa. Kiangalie wewe mwenyewe, ukipime, ukijaribu. Virchow alilishika somo hilo, na kwa muda mrefu hakuliachilia. Alihitimu mwaka wa 1843, akaingia katika hospitali ya Charité.

Swali la bosi

Mkuu wa mochari ya Charité alikuwa Robert Froriep. Mwaka wa 1844 Virchow akawa msaidizi wake, na Froriep akampa kazi ya kuchunguza ugonjwa wa mishipa ya damu ambao wakati huo ulikuwa gumzo kila mahali.

Mambo yalikuwa hivi. Enzi hizo hakukuwa na antibiotiki, na madaktari hawakujua habari za kusafisha vyombo kwa ajili ya kuua vijidudu. Mtu alikatwa mguu, au mama alijifungua, au mgonjwa alitobolewa mshipa ili apunguzwe damu, jambo ambalo lilionekana kuwa tiba. Siku chache baadaye mgonjwa alianza kutetemeka kwa homa, akapumua kwa shida, akachanganyikiwa, kisha akafa. Maiti ilipopasuliwa, mishipa ilikutwa imejaa madonge ya damu, na mapafu yalikuwa na majipu.

Jibu la wakubwa lilikuwa tayari. Jean Cruveilhier, bingwa wa Paris, alifundisha kwamba kiini cha karibu kila ugonjwa ni mshipa kuvimba. Wengine walisema usaha umeingia katika damu na kuzunguka mwilini. Hali hiyo walikuwa na jina lake la Kigiriki, nalo lilitumika kueleza karibu kila kifo kilichofuata jeraha. Leo wengi wa wagonjwa hao tungesema wana sepsisi, yaani mwili umepambana na maambukizi hadi ukapoteza mwelekeo na kuanza kujiumiza wenyewe, viungo vikafeli kimoja baada ya kingine.

Virchow akaanza kupasua maiti moja baada ya nyingine. Jambo moja likamsumbua. Mara nyingi alikuta donge kubwa limeziba mshipa wa mapafu, ilhali ukuta wa mshipa wenyewe hapo haukuwa umevimba wala kuharibika. Kama donge lilizaliwa hapo kwa sababu ya uvimbe, uvimbe uko wapi?

Akashuka chini hadi miguuni. Kumbe katika vena za paja au kiuno, zile zinazorudisha damu moyoni, kulikuwa na donge lingine. Ncha yake ilionekana imekatika, na umbo la ncha hiyo lililingana na lile donge la mapafuni, kama vile vipande viwili vya kikombe kimoja kilichovunjika.

Basi akafikia hitimisho ambalo leo linaonekana la kawaida ila wakati huo lilikuwa bomu. Donge la mapafuni halikuzaliwa mapafuni. Lilikuwa msafiri. Lilianzia mguuni, likamegeka, likabebwa na mkondo wa damu, likapita moyoni na kukwama pale njia ilipokuwa nyembamba.

Hakuishia kwenye kukisia. Aliingiza vipande vya mpira na vya madonge katika vena za shingo za mbwa, kisha akavitafuta. Alivikuta mapafuni. Akaonyesha pia kwamba donge safi huziba njia tu, lakini donge lililooza hubeba uozo wake na kuanzisha madhara mapya linapotua.

Kwa damu kuganda ndani ya mshipa akatumia jina thrombosisi. Kwa donge linalosafiri na kuziba njia kwingine akabuni jina embolisimu. Maneno hayo mawili yangali yanatumika katika kila hospitali duniani. Hata fibrinojeni, kiungo cha majimaji ya damu kinachogeuka nyuzi za donge, ilipewa jina hilo naye.

Kuhusu ule usaha uliosemekana kuzunguka katika damu, alionyesha kwamba mara nyingi ile rojo nyeupe iliyo katikati ya donge si usaha hata kidogo, bali ni donge lenyewe linaloyeyuka. Mwaka wa 1845 alieleza kisa cha mgonjwa ambaye damu yake ilikuwa na seli nyeupe kupita kiasi. Wengine wangesema ni usaha. Yeye alisema huu ni ugonjwa wa damu yenyewe, na baadaye akauita lukemia. Daktari mwingine, John Hughes Bennett wa Edinburgh, alikuwa ameeleza kisa kama hicho mwaka huohuo, na wawili hao walivutana kuhusu nani alitangulia.

Mwaka wa 1846 Froriep aliondoka, na Virchow akachukua nafasi yake. Hakuwa hata amefikisha miaka 25.

Ripoti iliyowachoma wakubwa

Majarida ya udaktari hayakutaka makala za barobaro anayewapinga wazee. Alichokifanya ni kile ambacho vijana wengi wa leo hufanya wakifungiwa mlango: alijenga mlango wake. Mwaka wa 1847, pamoja na rafiki yake Benno Reinhardt, alianzisha jarida lao wenyewe. Jarida hilo lingali linachapishwa hadi sasa, na linabeba jina la Virchow.

Kisha ukaja mwaka wa 1848. Katika eneo la Silesia ya Juu kulikuwa na njaa kali, na homa ya taifasi inayoenezwa na chawa ikafagia vijiji. Magazeti yakapiga kelele, serikali ikaona aibu, na mwezi wa Februari Virchow akatumwa huko kuangalia hali.

Alikaa takriban wiki tatu. Aliwakuta watu, wengi wao wakizungumza Kipolandi, wakiishi katika vibanda vya chumba kimoja, bila chakula, bila shule, bila barabara na bila mtu wa kuwasikiliza. Serikali ilitarajia ripoti ya dawa na usafi. Iliyokuja ilikuwa moto wa kuotea mbali. Virchow aliandika kwamba ugonjwa ule ulitengenezwa na umaskini, na umaskini ukatengenezwa na utawala mbovu. Tiba aliyopendekeza ilikuwa demokrasia kamili, elimu kwa lugha ya wenyeji, barabara, kilimo bora na kodi isiyomkamua maskini. Kwa maoni yake, siasa si kitu kingine ila udaktari wa taifa zima.

Alirejea Berlin Machi 10. Siku nane baadaye mapinduzi yalilipuka jijini, na daktari wetu akaonekana kwenye vizuizi vya barabarani bega kwa bega na waandamanaji. Mwezi wa Julai akaanzisha gazeti la kila wiki la kudai mageuzi katika afya. Alitaka maskini atibiwe kama haki, wala si kama hisani.

Wakubwa hawakusahau. Mapinduzi yalipozimwa, mwaka wa 1849 alisimamishwa kazi Charité. Akarudishwa kwa masharti na marupurupu yakakatwa. Mwaka huohuo akapata kazi ya uprofesa mjini Würzburg, katika jimbo la Bavaria, na ilimbidi atulize siasa zake kwanza. Huko alimwoa Rose Mayer mwaka wa 1850. Wakajaliwa watoto sita.

Miaka ya Würzburg haikupotea. Ndipo alipopanga mawazo yake kuhusu seli. Aliteta kwamba kila seli hutoka kwa seli nyingine iliyoitangulia, na kwamba ugonjwa huanza pale seli zinapoharibika, wala si kwa mchanganyiko mbaya wa majimaji ya mwili kama ilivyoaminiwa tangu kale. Haki isemwe: Robert Remak, mwanasayansi Myahudi aliyefanya kazi Berlin, alikuwa ameona mgawanyiko wa seli kabla yake, na hakupewa sifa alizostahili. Mwaka wa 1856 Berlin ikamwita Virchow arudi, safari hii ikiwa imemjengea taasisi yake. Mwaka huohuo alikusanya maandishi yake kuhusu madonge ya damu katika kitabu kimoja. Mwaka wa 1858 kikafuata kitabu chake kuhusu seli na magonjwa, kilichompa umaarufu mkubwa zaidi.

Diwani wa mitaro

Ukidhani alikuwa amejifunza kunyamaza, umenoa. Mwaka wa 1859 alichaguliwa kuwa diwani wa jiji la Berlin, na akabaki diwani hadi kufa. Mwaka wa 1861 alishiriki kuanzisha chama cha upinzani, na baadaye akaingia bungeni.

Berlin ya wakati huo ilinuka. Maji machafu yalitiririka wazi kando ya barabara. Virchow alishinikiza miaka nenda miaka rudi, na mwaka wa 1873 ujenzi wa mfumo wa mabomba ya majitaka ukaanza chini ya mhandisi James Hobrecht. Alipigania hospitali za umma pamoja na ukaguzi wa nyama, baada ya kuchangia kuonyesha jinsi minyoo ya nguruwe inavyowaua watu. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka wa 1870, alisaidia kupanga treni za kuwabeba majeruhi.

Bungeni alikuwa mwiba kwa Otto von Bismarck, waziri mkuu aliyeogopwa na wengi. Mwaka wa 1865, katika mjadala kuhusu pesa za jeshi la majini, Virchow alitilia shaka ukweli wa maneno ya Bismarck. Bismarck akamtaka wapigane kwa silaha ana kwa ana. Virchow akakataa. Kuna hadithi maarufu kwamba alichagua soseji mbili, moja ikiwa na minyoo, amwambie Bismarck achague ya kula. Inachekesha, ila haina ushahidi. Ukweli wenyewe unatosha: alikataa kuua au kuuawa kwa sababu ya hasira za bungeni, na jina lake halikuchafuka.

Pale alipoteleza

Sasa tufike kwenye upande ambao mashabiki wake hawapendi kuuzungumzia.

Mwaka wa 1847 jijini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis kutoka Hungaria aliwaamuru madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa akina mama. Katika wadi yake, mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa takriban mama 18 kati ya kila 100 waliojifungua. Kufikia Juni, walikuwa chini ya watatu. Homa iliyowaua ilikuwa sepsisi inayoanzia kwenye mji wa mimba.

Virchow, mtu aliyepasua maiti nyingi za akina mama hao na kuona madonge katika mishipa yao, hakukubali maelezo ya Semmelweis. Alitafuta sababu ndani ya mwili, na wazo la kitu kinachobebwa na mikono ya daktari halikumwingia. Sauti yake ilikuwa na uzito, na upinzani wa watu kama yeye ulichelewesha jambo lililokuwa likiokoa maisha. Semmelweis alikufa mwaka wa 1865 akiwa na miaka 47, kwa maambukizi yaliyotokana na jeraha. Hata bakteria walipoanza kuonekana wazi kwenye hadubini za akina Robert Koch, Virchow alikuwa mzito wa kukubali kwamba wao peke yao wanaweza kuwa chanzo cha ugonjwa.

Kijana aliyewapinga wazee alikuwa amegeuka mzee anayewapinga vijana. Hilo linaweza kumpata yeyote kati yetu.

Kuna jingine. Virchow alipenda sana elimu ya asili za binadamu. Aliongoza uchunguzi wa rangi za nywele na macho ya watoto zaidi ya milioni 6 wa shule za Ujerumani, na matokeo yakaonyesha kwamba hakuna Wajerumani wa asili moja safi, jambo lililowakata maini wabaguzi. Hata hivyo, alikusanya pia mafuvu ya watu kutoka pembe nyingi za dunia, yakiwemo ya waliokuwa chini ya ukoloni, bila idhini ya jamaa zao. Maswali kuhusu mikusanyo kama hiyo ya Berlin hayajaisha.

Mzee na tramu

Oktoba 1901 Virchow alitimiza miaka 80, na wanasayansi kutoka nchi nyingi walimiminika Berlin kumsherehekea. Bado alikuwa akifanya kazi. Miezi mitatu baadaye, Januari 4, 1902, aliruka kutoka kwenye tramu kabla haijasimama vizuri katika barabara ya Leipziger Strasse. Akaanguka na kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga.

Hakupona kabisa. Miezi ya kulala na kutegemea wengine ilimmaliza nguvu, na Septemba 5, 1902, moyo wake ukafeli. Siku hizi mgonjwa aliyevunjika nyonga hupewa dawa za kuzuia damu kuganda na huhimizwa kusimama mapema, kwa sababu tunajua kwamba kulala tuli huzalisha madonge miguuni. Tunajua hivyo kutokana na njia iliyofunguliwa na Virchow mwenyewe.

Kazi yake katika wadi ya leo

Madaktari husema kuna mambo matatu yanayosababisha damu kugandia ndani ya mshipa: mtiririko kuwa wa pole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kubadilika. Mambo hayo huitwa utatu wa Virchow, ingawa yeye hakuyapanga hivyo. Jina hilo lilikuja miongo mingi baada ya kifo chake.

Sepsisi huyaleta yote matatu kwa mkupuo. Shinikizo la damu hushuka na mtiririko kupungua. Kuta za mishipa huumizwa na vijidudu na pia na kinga ya mwili yenyewe. Na damu hujazwa vichocheo vya kuganda, kwa kuwa mwili hutumia madonge madogo kama mtego wa kuwanasa bakteria. Mtego huo ni mzuri ukiwa mahali pamoja. Ukitegwa mwili mzima, mishipa midogo ya figo, mapafu na ini huzibika, na viungo hukosa hewa.

Halafu huja kinaya kinachotisha. Mwili ukimaliza akiba yake ya kugandisha kwa kutengeneza madonge yasiyohitajika, hubaki bila kitu. Mgonjwa yuleyule mwenye madonge kila mahali huanza kutoka damu kwenye ufizi, kwenye mkojo au pale alipodungwa sindano. Ikifika hapo, kumwokoa ni kazi ngumu mno.

Virchow aliyaona haya mochari, wakati hakuna cha kufanya. Kazi ya leo ni kuyaona mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kupona. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa wenyewe huonekana kwenye vipimo vya damu ambavyo si vya kifahari. Cha kwanza ni hesabu ya chembe sahani, zile chembe ndogo zinazoziba jeraha. Kwa kawaida mtu huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Zikianza kuporomoka siku baada ya siku, hiyo ni kengele, hata kama bado hazijafika chini kabisa. Cha pili ni muda ambao damu inachukua kuganda katika maabara. Kuna pia kiwango cha fibrinojeni, ile ya Virchow, na kipimo cha D-dima, yaani mabaki ya madonge yanayovunjwavunjwa.

Mwaka wa 2017 watafiti walichapisha njia rahisi ya kutoa alama kwa mgonjwa wa sepsisi. Chembe sahani zikiwa chini ya 100,000, alama 2. Zikiwa kati ya 100,000 na 150,000, alama 1. Muda wa kuganda, ukipimwa kwa uwiano uitwao INR, ukizidi 1.4 ni alama 2. Ukiwa juu ya 1.2 bila kuzidi 1.4 ni alama 1. Kisha huongezwa alama zisizozidi 2 za viungo vilivyoanza kufeli. Jumla ikifika 4 au zaidi, huku chembe sahani na INR pekee zikichangia zaidi ya 2, daktari anajua damu imeanza kwenda mrama.

Hesabu moja haitoshi. Hapa kwetu malaria pia hushusha chembe sahani, na magonjwa ya ini huchelewesha damu kuganda. Ndiyo maana vipimo hurudiwa na kulinganishwa na vya jana. Na hakuna dawa moja ya ajabu. Msingi wa tiba ni kuua maambukizi: antibiotiki mapema, maji ya mshipani, na kuondoa chanzo, kama vile jipu au kidonda kilichooza. Dawa za kuzuia kuganda si za kubahatisha, kwani zinaweza kumfanya mgonjwa atokwe damu. Wataalamu huamua.

Sepsisi si mchezo. Makadirio ya mwaka wa 2017 yalikuwa wagonjwa milioni 48.9 duniani na vifo milioni 11, wengi wao katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Hapa Virchow angetukumbusha Silesia: anayechelewa kufika hospitalini mara nyingi hachelewi kwa kupenda. Amechelewa kwa kukosa nauli, kwa kukosa barabara, au kwa kuogopa bili.

Kwa hivyo ukimwona mwenzako, mama aliyejifungua, au mzee nyumbani ana maambukizi kisha akaanza kupumua haraka, moyo kumwenda mbio, kuchanganyikiwa, kukojoa kidogo sana au ngozi kuwa baridi na yenye mabaka, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini, na uulize waziwazi kama inaweza kuwa sepsisi. Swali lako si utovu wa adabu. Virchow alianza kwa kuuliza swali lililowaudhi wakubwa, na ni pale alipoacha kusikiliza maswali ya wengine ndipo alipokosea.